Mashua Yenye Ndui

Juzi nilipita kwenye gereji yenu, pale barabara ya Usumbura inapoingia Rumonge, nikawakuta mmeuzunguka mlango wa gari. Kokoto za njiani ziliudonoa mahali patatu tu, na hakuna tundu lililozidi punje ya mtama. Ninyi mkaupaka mlango mzima, juu hadi chini. Nilicheka mpaka nikaegemea fimbo. Mjukuu wangu Saidi akakunja uso, akaniuliza, "Babu, unatucheka nini? Haing'ai?" Inang'aa, Saidi. Hata mashua yetu iling'aa, asubuhi ile tulipokaribia kulazwa chini tuchapwe viboko.

Basi tulieni niwaeleze. Mimi ni Feruzi, mzaliwa wa Ujiji. Nimekula chumvi nyingi, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo nimeilia hapa Rumonge nikikwangua kutu. Gari sijapaka hata moja. Enzi za Mdachi, kazi yetu sisi ilikuwa mashua ya chuma ya boma. Lakini rangi ni rangi na jiwe ni jiwe, nalo halichagui cha kudonoa.

Mashua ile ilichukua barua na mabwana kati ya Usumbura na Ujiji, na kila ilipochakaa ililetwa kwetu, tukaivuta juu ya magogo ufukweni. Hapa Rumonge pana mchanga, lakini huko Gitaza na Minago kuna mahali ni mawe matupu. Kiangazi upepo wa kusini ukivuma, mawimbi yanaokota changarawe na kuirusha ubavuni mwa mashua, tena na tena, usiku na mchana. Ikifika kwetu imedonolewa shingo na tumbo. Tundu moja dogo la rangi ukiliona leo unasema si kitu. Lidharau, uone. Kutu inaingia kwa mlango ule mdogo, inatambaa chini ya rangi nzima, na wewe juu unaona uzuri mtupu. Mpiga kasia mmoja wa Gatete alibonyeza ubavu wa mashua kuukuu kwa kidole, akisema, "Hii iko nguvu bado," na kidole kikazama ndani mpaka fundo la pili. Ilibidi tutafute mafuta ya kukitelezesha. Siku nzima wenzake walimsalimia kwa kunyoosha kidole.

Fundi wangu aliitwa Songoro. Ndiye aliyenitoa Ujiji, kijana nisiye na baba wala mjomba, akanilisha, akanifundisha. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau kwamba alikasirika. Ndui ilimpata utotoni kwenye njia za misafara, ikamwacha hai lakini ikamwachia uso wenye mashimo. Kwa sababu hiyo alivaa kilemba kirefu cheupe, na ncha yake aliivuta mpaka chini ya macho, hata jua liwe la namna gani. Watu walidhani anajikinga na vumbi la kutu. Mimi niliyeishi naye nyumba moja nilijua, maana alikula ameelekea ukuta. Nilimpenda, na jambo lile liliniuma, lakini mtu hamwambii fundi wake geuka tule.

Kazi yenyewe aliijua hasa. "Usiniletee macho," alikuwa akiniambia, "macho inapenda kudanganywa. Niletee ukucha." Kwanza unakwangua kutu mpaka chuma kiwe cheupe. Kisha unachukua majani ya msasa, yale makali kama ulimi wa paka, unayalowesha na kusugua ukingo wa tundu kwa kuzunguka, polepole, mpaka rangi ya zamani iteremke kwenye chuma kama ufukwe unavyoteremka ziwani, isiwe kama ngazi. Hapo unafumba macho na kupitisha ukucha. Ukikwama, bado, rudi kwenye msasa. Ukipita bila kukwama, unatia rangi nyekundu ya madini ya risasi. Ule ulikuwa unga mzito uliotoka Ulaya, tukaukoroga na mafuta ya kitani, yale yanayokauka yakawa magumu, nayo yalitoka huko huko. Unatia kwa ncha ya unyoya wa kuku, tone dogo, unaliacha likauke, unaongeza. Mwisho rangi ya majivu juu yake. Burashi aliikataza kabisa kwenye tundu, alisema burashi inapaka hata pasipoumwa. Na unga ule ni sumu. Siku moja nilitaka kula muhogo kabla ya kunawa, akaupiga muhogo ukaruka mpaka majini. Ninyi mnaokula mkate na mikono ya rangi, nawaona.

Sasa sikieni kituko. Songoro huyu huyu, akishamaliza matone yake, hakuweza kuyaacha. Rangi mpya na rangi iliyopigwa na jua hazifanani hata zitoke kopo moja, kwa hiyo ubavu ulibaki na madoa. Aliyatazama, akaguna, akachukua burashi aliyoikataza mwenyewe na kupaka ubavu mzima upya, nyekundu kwanza kisha majivu. Nikimuuliza, alijibu, "Kwa nini ionekane iliugua?" Mafuta ya kitani yakawa yanakwisha kabla ya wakati, kila mara.

Mwaka huo nilikuwa na jambo langu moyoni. Hatua chache kutoka mashua yetu palikuwa na jiko la Bi Zaina, mpika sabuni. Alichoma maganda ya ndizi, akachuja maji ya majivu yake, akayachemsha na mawese mpaka ikatoka sabuni nyeusi inayotakatisha hata nguo ya mchuuzi wa samaki. Binti yake Mwamini ndiye aliyekoroga. Mimi na Mwamini tulikuwa tumekwisha elewana, kwa macho zaidi kuliko kwa maneno. Lakini kijana hajiposei. Lazima mtu mzima akae mkekani mbele ya wazazi aseme kwa niaba yako, na katika dunia hii mimi nilikuwa na mtu mzima mmoja.

Nilimwomba. Akaivuta ncha ya kilemba. "Mashua kwanza." Nikamwomba tena mwezi ulioandama, akasema mashua kwanza. Mtu wa Minago mwenye mitumbwi yake alikwisha kumtumia salamu Mzee Athumani, baba wa Mwamini, na salamu za mtu mwenye mitumbwi haziji mikono mitupu. Sikulala vizuri siku hizo. Kisha ikaja habari kutoka boma: bwana wa mashua atafika Jumamosi kuitazama kazi yetu, na isipomridhisha, mashua zitakuwa zinatengenezwa Kigoma, na mafundi watakwenda nazo. Mzee Athumani alikuwa amesema wazi mbele ya msikiti, "Binti yangu sitamutoa kwa mutu wa kuhamahama." Kwa hiyo harusi yangu ilikuwa imelala juu ya rangi ile, na Songoro alijua.

Mafuta ya kitani yakatuishia katikati ya ubavu, kwa sababu ya burashi yake. Kwenye kopo kulibaki ukoko mgumu tu. Songoro akalipiga teke likabiringika kwenye nyasi. Unga wa risasi bado tulikuwa nao mwingi. Akasimama, akatazama jiko la Bi Zaina, akatazama mtungi wa mawese, na mimi nikaona wazo linavyomjia.

"Feruzi," akasema, "mafuta iko mafuta. Ile ya Ulaya inatoka mu mumea, mawese inatoka mu mumea. Tofauti iko wapi?"

Nilisema tutume mtu Usumbura. Akasema Usumbura watajua kwamba tunamaliza mafuta hovyo. Tukanunua mawese, tukakoroga, tukapaka.

Vijana, ilipendeza! Mawese mekundu, unga mwekundu. Sijaona tena rangi kama ile mpaka leo, ilikuwa inakuita uiguse. Jioni rangi ilikuwa bado mbichi, tukasema tuipe muda. Asubuhi ya Jumanne ukungu ulikuwa umelala ziwani, ile baridi ya kiangazi inayokufanya ujikunyate. Nikapitisha ukucha: kavu. Songoro naye akapitisha wake, akaimba. Wewe unayecheka hapo nyuma umekwisha jua. Kila jikoni pwani hii asubuhi mawese unayachota kwa kijiko, yameganda, na mchana unayamimina. Hayo tuliyajua tukiwa na njaa. Tukiwa na burashi mkononi hatukuyakumbuka.

Saa hiyo hiyo akashuka kwenye mtumbwi ombasha, askari mwenye cheo, aliyetangulizwa na boma aje kutazama. Mtu nadhifu, koti la kaki limenyooka, vifungo vinamemeta. Alikuwa amesafiri na baridi, akatafuta upande ambao jua linachomoza, akakaa chini, akaegemeza mgongo kwenye mashua yetu, usingizi ukamchukua.

Jua likapanda. Kwanza walikuja nzi. Kisha sisimizi. Kisha kuku wa Bi Zaina wakaanza kudonoa mashua kwa heshima, mmoja mmoja. Nikatazama ubavu, nikaona unatoa machozi mekundu, yanateremka taratibu mpaka kwenye mchanga. Nikamtazama Songoro. Macho yake, ambayo ndiyo tu yaliyoonekana, yalikuwa makubwa kama sahani za gahawa.

Ombasha akaamka, akasimama, na rangi ikamfuata. Akajipapasa mgongo, akaleta mkono mbele ya uso, akapiga ukelele kwamba amechomwa mkuki. Tulipomwonyesha ni rangi tu, akawa mkali kuliko aliyechomwa.

"Jumamosi bwana anafika," akasema. "Nyinyi wawili mutalala chini. Hamsa ishirini kila mutu. Na mashua inaenda Kigoma!"

Hamsa ishirini ndiyo viboko vyenyewe, ishirini na tano, na hakuna aliyeuliza maana yake siku zile. Niliogopa kwa ajili ya mgongo wa Songoro, maana hakuwa kijana. Na nawaambia ukweli, hata katika hofu ile nilimwona yule mtu wa Minago amekaa kwenye mkeka wa Mzee Athumani.

Bi Zaina akaja anapangusa mikono. Hakutuangalia sisi.

"Amahoro, baba," akamsalimia ombasha. "Toa hilo koti."

"Koti la serikali hili, mama!"

"Serikali inafuliwaka pia. Toa. Mwamini, lete maji ya majivu, ile kali."

Ombasha akavua, akabaki kifua wazi, ukali ukapungua nusu. Bi Zaina akalizamisha koti, akalisugua na maji ya majivu ya moto, na mbele ya macho yetu ule wekundu ukaanza kutoa povu. Povu la rangi ya waridi. Akalisuuza ziwani, likatoka limebaki na wekundu kidogo mgongoni, basi.

"Ona," akasema, "imekuwa sabuni." Kwake halikuwa jambo la ajabu. Mawese na maji ya majivu, atapika nini kingine?

Mwamini alikuwa amesimama karibu nami na ndoo. Hakunitazama. Akasema kama anaiambia ndoo, "Kama inatoka mu koti, mu chuma itashindwa?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba nisipomwoa huyu sitaoa.

Tulichoma kila ganda la ndizi tulilopata. Bi Zaina alimwaga maji ya majivu yaliyokuwa ya sabuni ya wiki nzima, tukasugua kwa makumbi na matambara, mashua ikawa inatoa povu kama nguo za msiba zikifuliwa. Songoro mwanzoni alisimama pembeni, hajui aweke wapi mikono. Kisha akaja. Alisugua kwa nguvu, povu likamwingia kwenye ncha ya kilemba, ncha ikalowa, ikamng'ang'ania puani, akawa hapati pumzi. Akaivuta, ikarudi. Akaivuta tena. Mwishoni akakivua kilemba chote na kukitupa juu ya magogo, akaendelea kusugua na uso wake wazi mchana kweupe.

Mimi nilishikilia tambara langu nikingoja kitu kitokee. Hakikutokea. Bi Zaina alimtazama mara moja, akasema, "Huku, Fundi, chini huku bado iko nyekundu," akageukia ndoo yake. Ombasha alikaa kwenye gogo, kifua wazi, anakula ndagala na muhogo alioletewa, anatoa amri ambazo hakuna aliyezisikiliza. Tulicheka sana siku ile. Hofu ilikuwepo, lakini ukiwa umejaa povu mpaka masikioni, hofu nayo inateleza.

Kufika alasiri mashua ilikuwa safi, hata nyekundu ya kitani iliyokuwa bado mbichi imetoka. Rangi ya majivu ya zamani ilibaki imara, na matundu ya mawe yalionekana yote, meupe. Tatizo likawa lile lile, mafuta hatuna. Nikaenda kwenye nyasi nikalitafuta lile kopo lililopigwa teke. Nikauvunja ukoko kwa kisu. Chini yake kulikuwa na mafuta ya kitani mazito kama asali, kidogo, ya kulowesha unyoya. Yangetosha matundu. Ubavu yasingetosha kamwe.

Nikamwonyesha Songoro. Alilitazama kopo, kisha akautazama ubavu.

"Itaonekana," akasema.

"Itaonekana, Fundi."

Kuku wa Bi Zaina walikuwa wanapita. Akainama, akaokota unyoya mchangani, akaufuta kwenye kanzu yake. Usiku ulipoingia tulikuwa tumetia tone la kwanza kila mahali palipoumwa, na pasipoumwa hatukupagusa. Jua la Jumatano na la Alhamisi likatufanyia kazi iliyobaki. Rangi ya majivu tuliitia nyembamba.

Jumamosi bwana wa mashua akafika. Watu walijaa ufukweni, Mzee Athumani mmoja wao, na Bi Zaina na Mwamini kwenye jiko lao wakijifanya wanakoroga. Songoro alikuwa amevaa kilemba chake, ncha imerudi chini ya macho. Ombasha alisimama kando ya bwana, na asubuhi ile yote hakumpa bwana mgongo hata mara moja.

Bwana akazunguka mashua. Madoa ya rangi mpya yalikuwa yametapakaa juu ya rangi ya zamani, shingo hadi tumbo, huwezi kuyakosa. Akauliza kwa Kiswahili chake cha boma, "Kwa nini hapana paka yote?" Kisha akacheka, akawageukia watu. "Hii mashua iko na ndui!"

Baadhi ya watu walicheka, halafu wakakumbuka uso wa Songoro, wakaziba vinywa. Mimi nilitazama chini. Nilitamani mchanga unimeze kwa niaba yake.

Songoro akaishika ncha ya kilemba, akaishusha mpaka kidevuni.

"Ndiyo, bwana," akasema. "Lakini imepona."

Bwana akamtazama usoni. Cheko likamkauka. Akavua glavu, akaweka kiganja juu ya doa moja, akabonyeza, akatazama kiganja. Safi. Akapitisha ukucha. Nani alimfundisha sijui, labda kila mwenye chuma duniani anajua. Ukucha haukukwama. Akajaribu doa lingine, na lingine, mpaka chini kabisa karibu na maji, na mimi moyo wangu ulikuwa unapanda na kushuka na mkono wake.

"Nzuri," akasema. "Na mashua ingine italetwa hapa."

Hapa, vijana. Alisema hapa. Mzee Athumani alisikia, na mimi nilihakikisha anasikia kwa sababu nililirudia neno lile kwa sauti kama mjinga.

Alasiri hiyo hiyo Songoro alioga kwa sabuni ya Bi Zaina, akavaa kanzu iliyofuliwa, akafunga kilemba. Sikumkumbusha chochote. Aliniambia tu, "Vaa. Tunakwenda." Mlangoni kwa Mzee Athumani akavua viatu, na baada ya viatu akavua kilemba, akakitundika kwenye kigingi, akaingia na uso wake. Mimi nilibaki barazani kama inavyotakiwa, lakini ukuta ulikuwa wa matete na masikio yangu yalikuwa ya kijana.

"Nimekuja kwa ajili ya mutoto wangu Feruzi," nikamsikia. Mutoto wangu, alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Ningekuja zamani. Ilikuwa haya ya uso."

Bi Zaina akajibu kutoka upande wa wanawake, "Uso huo tunauonaka tangu ulipofika Rumonge, Fundi. Kilemba kinashuka kila unapopiga chafya. Wewe peke yako ndiye ulikuwa hujui."

Nikasikia kicheko cha Mzee Athumani, kisha cha Songoro, kirefu, kicheko ambacho sikukijua ingawa nilikaa naye miaka. Mtu wa Minago alirudishiwa salamu zake kwa adabu, na baadaye akawa mteja wetu, mitumbwi yake tulikuwa tunaiziba nyufa.

Songoro alipoondoka jioni ile alikisahau kilemba kwenye kigingi. Mwamini akatumwa amkimbilie nacho. Mimi nilikuwa natembea naye, kwa hiyo nilikuwepo. Songoro alikishika, akakipima kwa mikono, akamrudishia.

"Kaa nacho," akamwambia. "Ni kirefu. Kitakufaa kubebea mutoto."

Na kilifaa. Watoto wetu wote walibebwa mgongoni kwa kilemba kile, mmoja baada ya mwingine, mpaka kikaisha kwa kufuliwa. Wa kwanza kulala ndani yake alikuwa baba yako, Saidi, wewe uliyepaka mlango mzima.